Nilimkosesha mtoto swali la kipunji, kumbe alikua amepata

Nafundisha shule ya msingi, darasa la tano na la sita, upande wa Rungwe huku juu kwenye baridi, parachichi na migomba, ukitoka nje asubuhi mlima uko mbele yako kama hakuna mawingu na mara nyingi mawingu yapo. Nafundisha Sayansi na Kiswahili. Haya ninayoandika nimekaa nayo moyoni mwaka wa tatu sasa, na nayaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu au mzazi ambae anatafuta cha kusoma na mtoto kuhusu wanyama na kila akishika kitabu anakuta simba, tembo, twiga, simba, tembo, twiga.

Ilianza na boksi. Tuliletewa boksi la vitabu vya watoto vya Kiingereza, vizuri kweli, karatasi nene inang'aa, picha ukurasa mzima, na vingi vilikua vinahusu wanasayansi wanaofuatilia wanyama adimu, kuna cha chui wa theluji kule milima ya Mongolia, kuna cha kasa, kuna cha popo. Siku ya kwanza watoto walivigombania, siku ya pili pia, wiki iliyofuata vikawa vimekaa tu kwenye rafu, maana picha ukishazimaliza unabaki na maneno na maneno yenyewe hawayawezi. Mimi nikawa nachukua kimoja, tunakaa chini ya mparachichi kipindi cha mwisho cha Ijumaa, macho yangu yako kwenye Kiingereza mdomo unatoa Kiswahili. Chui wa theluji alituchukua wiki tatu.

Sasa kitu kilichonishangaza ni maswali. Nilijiandaa kuulizwa ana meno mangapi, anakimbia spidi gani, anaweza kumuua binadamu au hawezi. Hayo waliuliza ndio, lakini yaliisha haraka. Maswali yaliyorudi kila Ijumaa yalikua ya wale watu. Wanalala wapi na kule kuna barafu? Wakiona nyayo wanajuaje ni ya jana na sio ya juzi? Wanakaa siku arobaini bila kumuona mnyama mwenyewe, mshahara wanalipwa? Na kuna binti mmoja mpole sana, huwa haongei, akanyoosha kidole akauliza, mwalimu, nani alikua anawapikia? Nikatafuta kwenye kitabu kizima. Hakuna. Kuna picha ya sufuria kwenye jiko la mafuta lakini mpishi hayupo. Nikamjibu kwamba hawajaandika, tukaendelea. Swali lile sikulipa uzito siku ile na ningelipa uzito nisingefanya kosa nililokuja kulifanya mbele.

Baadae yuleyule binti akauliza kama na sisi huku hatuna mnyama wa hivo. Nikasema tunae. Tunae mmoja ambae duniani kote hayupo isipokua kwetu hapa na sehemu nyingine moja tu, ni nyani wa msituni na anaitwa kipunji.

Nusu ya darasa walikua wanalijua jina. Wengine wakasema ni ngedere tu, mmoja akasema kwao anakula mahindi. Nikaona hii ndio yenyewe, nikanunua kaunta buku kwa hela yangu, nikaingia intaneti kwenye simu jioni mbili tatu nikiwa nimejifunika blanketi, nikaandika simulizi ya kipunji kwa Kiswahili, kurasa saba, nikachora na picha. Rangi ya kijivu na kahawia, manyoya marefu ya kuvumilia baridi, uso mweusi, ndevu za pembeni, nywele za utosini zimesimama wima kama mtu ametoka usingizini, tumbo jeupejeupe na ncha ya mkia hivohivo. Niliandika kwamba anaishi juu kwenye miti mirefu, anakula majani, matunda, magome, kuvu za kwenye miti na wadudu, na kwamba tai mkubwa wa msituni anamwinda. Na nikaandika, nakumbuka sentensi yenyewe, "Kipunji aligunduliwa mwaka 2003 na mwanasayansi kutoka Uingereza."

Wiki hiyo nikatoa jaribio. Swali la nne: nani aligundua kipunji?

Kijana mmoja akajibu: "Babu na wenzake."

Nikampiga kosa. Kalamu nyekundu, X kubwa, na pembeni nikaandika soma vizuri. Sikufikiria hata sekunde mbili, nilikua na madaftari sitini na mawili ya kusahihisha.

Siku tatu baadae mzee mmoja akaja shuleni, koti zito, gambuti, fimbo, na ile karatasi ya jaribio ameikunja mara nne kaiweka mfuko wa ndani wa koti. Nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba mwalimu, habari za kazi, nzuri, nikamtafutia kiti. Akaifungua ile karatasi taratibu juu ya meza yangu akaweka kidole palepale kwenye X.

"Nimekuja kuuliza mjukuu wangu hapa amekosa nini."

Nikamweleza. Nikamwambia mzee, kwenye sayansi neno kugundua lina maana yake, sio kwamba hakuna aliyekua amemuona, ni kwamba hakuna aliyekua amemwandika, kumpima na kumpa jina ambalo dunia nzima inalitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha. Alafu akasema yeye huyo mnyama alimwinda akiwa kijana, na jina la kipunji alipewa na baba yake. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, na ndio maana liliniingia zaidi:

"Sasa mwalimu, hao walioandika, walijuaje kwamba yupo? Nani aliwaambia?"

Na mimi jibu nilikua nalo. Hilo ndio linaloniuma mpaka leo. Nilikua nimelisoma jioni ileile kwenye simu, kwamba mwanzoni mwa 2003 timu ya watafiti wa WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, akiwemo Tim Davenport, ilikua Rungwe inafanya utafiti juu ya uwindaji, wanakaa na wawindaji wa Kinyakyusa wanawauliza mnawinda nini, wapi, kwa namna gani, na kwenye mazungumzo hayo ndio likawa linatajwa jina la nyani mmoja mwenye aibu sana, kipunji. Bila wale wazee hakuna ambae angejua amtafute nini. Nililisoma hilo, nikaliacha kwa sababu niliona sio muhimu kwa watoto, nikakimbilia kwenye jina la mzungu na mwaka, maana ndivo tulivozoea kuuliza kwenye mitihani, nani na lini.

Nilichukua kalamu mbele ya yule mzee nikafuta X nikaweka vema, maksi zikapanda kwa moja. Nikamwomba samahani. Akaikunja tena ile karatasi mara nne akairudisha mfukoni, akasema ndaga mwalimu, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikawaeleza watoto kwamba swali la nne mwalimu ndie alikosea, na kwa nini.

Nikaliandika upya lote. Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii mara ya pili ndio niliona simulizi ya kweli ya sayansi inavyoweza kumshika mtoto kuliko hadithi ya kutunga, ukiiacha na vikwazo vyake vyote.

Niliwaeleza kwamba kusikia jina ni jambo moja na kumuona ni jingine. Timu ilimuona kidogo kidogo tu mwezi Mei 2003 huku Rungwe, msitu umefungana, miteremko, ukungu, mnyama anakusikia kabla hujafika. Ilibidi ifike Desemba mwaka huohuo ndio wakamuona vizuri wakawa na uhakika, tena ng'ambo ya pili kwenye msitu wa Livingstone, ule uliopakana na uwanda wa Kitulo. Miezi saba. Watoto walihesabu kwa vidole, wakasema hiyo ni zaidi ya muhula mzima.

Alafu sehemu ambayo walipiga kelele. Mwezi Julai 2004 mtafiti mwingine kabisa, Trevor Jones, akiwa msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kama kilomita 350 kutoka huku, nae akamuona nyani asiyemjua. Kumbe ni huyuhuyu! Timu mbili zilikua na siri moja bila kujuana. Walipokuja kufahamu wakakaa pamoja wakaandika andiko moja, likatoka Mei 2005 kwenye jarida la Science, na nilipowasomea majina ya waandishi nikafika kwa Noah Mpunga na Sophy Machaga darasa zima liligeuka kuangaliana. Kuna binti alinirudisha, "mwalimu rudia hilo la Sophy". Nikarudia.

Swali gumu kuliko yote likatoka kwa mtoto wa nyuma kabisa: kama hawakumkamata, watu wengine waliwaamini vipi? Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Maana hilo ndilo wanasayansi wenyewe walibishana. Kwa kawaida ukisema umepata aina mpya ya mnyama unatakiwa uwe na mwili wake umehifadhiwa makumbusho, mtu yeyote aje aukague. Hawa walikataa kumuua hata mmoja, walisema ni wachache mno, wakaleta picha, rekodi ya sauti na maelezo, na wapo wataalamu waliolalamika kwamba picha haitoshi. Darasa likagawanyika. Wengine wanasema picha inatosha, wengine wanasema picha unaweza kuidanganya, ubishi ulienda mpaka kengele ikagonga.

Mwili ulikuja kupatikana bila mtu kutaka. Agosti 2005 kipunji dume, kijana bado, aliingia shamba la mahindi huku Rungwe akanasa kwenye mtego wa mkulima akafa. Ndie huyo walimpima vizuri, mwili ukapelekwa makumbusho ya Field kule Chicago, wakachukua vinasaba, na majibu yakawashangaza, kwa sababu mwanzoni walimweka kwenye ukoo wa mangabei, nyani wembamba wa msituni, kumbe vinasaba vinasema yuko karibu zaidi na nyani hawa wakubwa tunaowajua wa barabarani. Sura ya kwake, mlio wa kwake, ndugu zake hawajulikani vizuri. Basi mwaka 2006 wakamfungulia ukoo wake mwenyewe, jenasi mpya, wakaiita Rungwecebus. Ilikua imepita miaka 83 tangu jenasi mpya ya nyani itangazwe Afrika.

Neno jenasi nililielezaje? Nilisema spishi ni kama nyumba, jenasi ni ukoo. Kipunji ana nyumba moja na ukoo wa peke yake, hana baba mdogo wala shangazi. Watoto walimwonea huruma. Na nilipowaandikia Rungwecebus ubaoni nikapiga mstari chini ya herufi sita za kwanza, sikuhitaji kueleza chochote.

Yule mtoto ambae kwao kipunji anakula mahindi alikaa kimya siku ile. Baada ya kipindi akaniuliza yule mkulima alifungwa? Nikamwambia sijasoma popote kwamba alifungwa, na kwamba mkulima mwenye mtego shambani analinda chakula cha watoto wake, na kwamba hapo ndipo kazi ngumu ya watafiti ilipo, kukaa na huyo mkulima. Sikutaka aende nyumbani anafikiri baba yake ni mtu mbaya. Huyu ni mtu wa kumfikiria sana ukiandikia watoto wa vijijini kuhusu wanyama, maana vitabu vingi mwenye mtego ndie adui, na mtoto anaesoma ndie anaula ugali wa shamba hilo.

Kuhusu kuhesabu. Mwaka 2008 ilitangazwa hesabu ya kipunji wote, 1,117. Kwetu na Kitulo 1,042 kwenye makundi 34, Ndundulu 75 kwenye makundi 4 tu. Na msitu wanaoutumia wote ukiuweka pamoja ni kilomita za mraba 17.69. Nilipoandika namba hizo ubaoni hawakushtuka, 1,117 kwa mtoto ni nyingi, shule yetu nzima haifiki. Nikakumbuka kwamba kundi la huku wastani wake ni kama 30, ambayo ni nusu ya darasa langu. Nikawatoa nje. Nusu nikawaambia nyie ni kipunji, ingieni kwenye migomba na miparachichi nyuma ya vyoo, tembeeni, jificheni, msikae sehemu moja. Nusu nyingine nikawagawa vikundi vinne, kila kikundi upande wake, dakika kumi, hesabuni mnarudi na namba. Sikuwaambia wako wangapi.

Walirudi na 19, 26, 41 na 33.

Ukweli walikua 31. Waliosema 41 walikua wanahesabu mtu akipita, akirudi wanamhesabu tena. Waliosema 19 walikaa sehemu moja wakaogopa matope. Ndipo nikawaambia sasa fikirini hao wanaruka juu ya miti, mita ishirini na zaidi, kuna ukungu, mlima unateleza, makundi ni 38 na hamtakiwi kuhesabu kundi moja mara mbili. Waliuliza wenyewe jinsi ya kurekebisha, mmoja akasema tusimame wote wakati mmoja na tupeane ishara, mwingine akasema tuwahesabu wanapovuka uwazi mmoja mmoja. Sikuwafundisha mimi hayo. Dakika kumi za kukimbia kwenye migomba zilifanya kazi ambayo kurasa zangu saba hazikuifanya.

Neno lenyewe "adimu" lilinipa shida, nilikuja kugundua baadhi walidhani adimu maana yake mkali. Nikawaambia adimu kama sukari ilivoadimika dukani, ipo lakini unaizungukia. Walicheka, wakaelewa.

Baada ya kipunji nikawa naandika nyingine, na kila niandikapo najiuliza swali la yule mzee, nani aliwaambia. Na nikitafuta, mara nyingi mtu yupo! Kule Udzungwa mwaka 1979 wanasayansi wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikua na mwongozaji wao anaitwa Langson Kisoma, wakasikia mlio msituni ambao wao hawakuutegemea, na Kisoma ndie akawaambia huyo ni ngolaga. Wao wanasikia kelele, yeye anasikia jina. Leo vitabu vinamwita mangabei wa Sanje na hapatikani popote duniani nje ya milima hiyo. Gombe nako, Jane Goodall alipofika Julai 1960 watoto wanafundishwa kwamba alikua peke yake na sokwe, lakini alifika na mama yake mzazi, alikua na mpishi, na alikua na watu wa kule waliomtembeza porini. Yule binti mpole nilimtafuta makusudi nikamwambia, nimempata mpishi. Alitabasamu tu.

Ila simulizi iliyowakalisha kimya kuliko zote ni ya vyura wa Kihansi, na niliiogopa kuiandika maana jina hilo limebishaniwa sana vijiweni na kwenye siasa, watu wanauliza hela zote hizo kwa ajili ya chura. Niliandika jinsi ilivokua. Mwaka 1996 wakati wanakagua mazingira kwa ajili ya bwawa la umeme, watafiti walikuta kwenye korongo la mto Kihansi chura mdogo wa njano, dume hafiki sentimita 2, watoto walipima kwenye rula wakashika mdomo. Anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache, na hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto wamekamilika. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, megawati 180, umeme ambao nchi iliuhitaji kweli, manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani. Kule korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyiza maji, vyura wakaanza kuongezeka, watu wakapumua, alafu 2003 wakaanguka ghafla, ugonjwa wa kuvu ulipatikana, na Januari 2004 walionekana watatu tu.

Nilisimama hapo. Kuna mtoto aliuliza, watatu alafu? Nikasema alafu hakuna. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini wameisha.

Nilikua naona sura zao na nilitamani kuruka haraka mwisho mwema, lakini nikaacha dakika ipite. Alafu nikawasomea kwamba mwaka 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege, wakawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna chumba chao maalumu, kuna watu kazi yao kila siku ni kuwalisha na kuangalia maji, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Walinipigia makofi kana kwamba mimi ndie niliwarudisha. Swali la kwanza: hao wanaowalisha chuoni, wanawalisha nini? Wadudu wadogo, ambao nao inabidi wafugwe. Mtu anafuga wadudu ili chura apate kula! Kuna kijana alisema hiyo kazi anaitaka, na bado anaitaka, kila akiniona ananikumbusha.

Mwaka jana mwezi wa saba tuliomba kibali tukawapeleka watoto kumi na wanane ukingoni mwa msitu wa mlima, sio ndani sana, na askari wa msitu, wazazi wawili na yule mzee wa karatasi, nae alikuja na gambuti zake. Nilikua nimewagawia kila mmoja karatasi yenye safu nne nilizochora kwa mkono na kutoa fotokopi Tukuyu mjini: Saa. Nimeona au nimesikia nini. Umejuaje. Nani alikuambia. Safu mbili za mwisho sijazikuta kwenye kitabu chochote, nilizitoa kwa mzee.

Nikawaambia tutakaa kimya dakika ishirini. Kwa watoto wa umri ule dakika ishirini ni adhabu, na baridi ilikua kali, masweta yamelowa ukungu, dakika tano za mwanzo walikua wanasukumana na kukohoa kwa makusudi. Dakika ya kumi kitu kikabadilika. Niliona vichwa vimeinuka. Kulikua na matone yanadondoka kutoka jani moja kwenda jingine, kuna ndege mmoja anaimba sauti mbili anaacha, mbali kule bondeni pikipiki. Mtoto mmoja aliokota jani lililotafunwa akaligeuza, akalinusa, akaliweka katikati ya karatasi yake.

Hatukumuona kipunji. Nasema wazi kwa sababu niliporudi walimu wenzangu waliuliza hilo tu. Kulikua na tawi moja lilitikisika juu sana bila upepo, na kidogo baadae sauti moja, nzito, fupi, kati ya kubweka kwa mbwa na honi ya gari. Mara moja. Watoto wote wakanigeukia mimi, mimi nikamgeukia mzee, mzee alikua ameshafumba macho. Akasema taratibu, "Huyo."

Kurudi darasani nikakusanya karatasi. Ya yule binti mpole ninayo mpaka sasa ndani ya kaunta buku, mwandiko wake mdogo umeinama, imeingia maji kidogo pembeni:

"Saa 4:20. Tawi limetikisika, alafu sauti moja, nzito. Umejuaje: nimesikia kwa masikio yangu, sijamuona. Nani alikuambia: babu wa mwenzetu wa Darasa la Tano B, anasema ni kipunji."